Mume wangu alitangaza kanisani amepona presha, akaona aibu kurudia dawa

Wakuu, hodi humu ndani. Wazee shikamooni, wengine nawasalimu.

Haya yametokea nyumbani kwangu, na mwenyewe ameniruhusu niyaseme. Nimebadilisha majina tu.

Tunaishi Bondeni, hapa Mombasa, ingawa asili yetu ni bara. Mume wangu, tumwite Baba Neema, huendesha forklift bandarini. Ana presha ya kupanda, na alikuwa akimeza dawa kila asubuhi bila maneno.

Kukaja mkutano wa maombi kanisani kwetu. Akaombewa, akasikia kichwa kimekuwa chepesi, akaomba mic.

"Bwana asifiwe! Nimepona presha! Na dawa nimeachana nazo leo!"

Kanisa zima likasimama. Vigelegele, keyboard, watu wakamkumbatia. Mimi nilibaki nimeketi.

Kabla hamjanirukia: naamini Mungu anaponya. Lakini ile mashine ya kupima presha haijaokoka, husema inachokiona.

Haukupita muda mrefu, kichwa kikarudi. Ngazi za nyumbani akawa anapanda akipumzika. Nikamwambia twende clinic. Wapi!

"Unataka nimwaibishe Mungu? Kanisani nitaweka wapi uso wangu?"

Hapo nikaelewa. Imani ilikuwa imeshaisha kitambo, iliyobaki ni aibu. Kwetu ukishatoa ushuhuda umetoa, haurudishwi. Kila Jumapili watu wanakuuliza, "Ndugu, bado uko mzima?" Nawe unajibu amina huku kichwa kinakupasuka.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Nikitaja dawa, ananuna hadi kesho yake. Nikinyamaza, naogopa. Kuna siku nilishika kinu nikitaka kumpondea vidonge nimtilie kwenye uji, nikajizuia. Mtu mzima hatibiwi kwa hila, hata kama anakutia wazimu.

Kisha asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Ulirudi baada ya muda mfupi, lakini jirani yetu Bi Zuhura alikuwa mlangoni akituletea mahamri, akaona yote.

"Mwanangu, mumeo si mzima huyu," akaniambia. "Dini yenu naiheshimu, lakini mpeleke hospitali. Wallahi usicheze."

Alikataa hata hapo, wakuu. Eti amelalia mkono vibaya.

Nikampigia Mama Kezia, mzee wa kanisa letu anayeshauri wenye ndoa. Baba Neema akakubali kuongea naye, ila si ofisini kwake kanisani. Nje ya ile ofisi kuna benchi, na ukionekana umekaa pale kanisa zima linajua ndoa yako imeingia mdudu.

"Basi njooni bustani ya Mama Ngina, kule baharini, leo jioni," Mama Kezia akasema. "Pale kila mtu ana mambo yake."

Tukakaa kwenye ukuta wa baharini, watu wanapita, wauza mihogo wanaita wateja. Nilidhani atafungua Biblia amkaripie. Akanunua mihogo, akampa mume wangu, akamuuliza kwa upole:

"Baba Neema, kwenye mazishi ya kanisa letu historia ya marehemu husoma nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi niambie mapema. Yako nisome ulikufa kwa ugonjwa gani?"

Mume wangu akacheka. Mama Kezia hakucheka.

"Nikisoma presha, nimekutoa mwongo mbele ya watoto wako. Nikisoma kingine, nimesema uongo mbele ya jeneza. Nisaidie, baba."

Baba Neema akalia. Mwanamume mzima, muhogo mkononi, watu wanapita.

"Mama, mimi sikudanganya. Nilisikia kweli nimepona."

"Najua. Ulishukuru kabla ya kupima, na Mungu hakukasirikii kwa hilo. Lakini hajakutuma ufe ili kumlindia jina."

Tulitoka pale moja kwa moja hadi hospitali. Daktari alipima, akapima tena, akaagiza alazwe.

Aliporuhusiwa, Mama Kezia aliendelea kutushauri. Mimi aliniambia niache kuwa polisi wa vidonge, nirudi kuwa mke. Iliniuma, lakini alisema kweli.

Jumapili ya kwanza aliyopata nguvu, Baba Neema akaomba mic tena.

"Nilisema nimepona kabla sijapima. Nimelazwa, nimetoka, na dawa nameza. Mungu bado namshukuru."

Hakuna aliyesema amina. Hata keyboard haikulia. Nilimwonea huruma, na nilijivunia sana.

Tulipotoka nje ndipo nilipoona ajabu. Mzee mmoja wa kwaya alimvuta kando. Alipoondoka huyo, akaja mama mmoja aliyekuwa amepiga vigelegele kuliko wote. Kisha mwingine. Wote walikuwa wakinong'ona swali lile lile: anatibiwa clinic gani?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilichojifunza ni kwamba wengine hawafichi kwa kupenda, sisi ndio tumewapigia makofi mpaka wakakosa njia ya kurudi.

Wakuu, kama nawe una mtu wa namna hii nyumbani, tuambie unamshauri vipi. Wa kunitukana pia karibuni, ila mpime presha kwanza.