Mahali pa Jiko la Yaya Adeline

Dada yangu mkubwa Adeline, ambaye sisi wadogo zake tulimwita yaya, alifariki mwezi wa tisa kwa ugonjwa wa presha. Watu wa Mudzipela, mtaa wetu hapa Bunia, walimjua kwa samaki wa kuchoma. Mimi nikitazama jiko lake uani namwona vizuri kuliko katika picha tuliyoweka juu ya jeneza.

Jiko lilikuja mwaka 2013. Vita vya mjini vilikuwa vimekwisha miaka kumi nyuma, lakini tukisikia mlio wa risasi upande wa Djugu bado tulitazamana kwanza, ndipo tukaendelea na kazi. Yaya alikuwa akiwafulia nguo wageni wa shirika moja. Walipofunga ofisi wakamwachia jiko la gazi, yaani gesi, la kuchomea nyama, la chuma, lenye miguu minne na kifuniko. Alifurahi sana, maana makaa hayakufika vizuri kutoka vijijini. Sasa angechoma samaki wa Kasenyi, kule ziwani, kila siku.

Shida ilikuwa mahali pa kuliweka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha bashi, lile turubai la plastiki wanalogawiwa waliokimbia makwao. Humo alilala shemeji yetu Débora, aliyefukuzwa kijijini kwake karibu na Nizi, pamoja na watoto wake watatu. Kati ya ukuta wa nyumba na bashi palibaki nafasi nyembamba, na hapo ndipo lilipokuwa shimo la yaya.

Alilichimba wakati wa vita, kina chake kifua cha mtu, akalifunika ubao na majani makavu. Nyumba nyingi zilikuwa nalo. La kwetu lilificha cherehani ya mama, sahani na Biblia, na mwaka 2003 lilinificha mimi siku tatu, nikiwa na miaka kumi na miwili. Yaya aliniteremshia viazi na kuninong'oneza Zaburi. Tangu hapo kitu chochote alichokipenda alikiweka mle.

Basi na chupa ya gazi, ule mtungi wa chuma, akaiteremsha shimoni. Akapitisha mpira wa gazi pembeni mwa ubao, akasimamisha jiko palepale kati ya ukuta na bashi, ili wapita njia wasilione. Asubuhi alifungua chupa, akaenda kupaa samaki. Débora alisema anasikia harufu ya kitunguu kilichooza. Yaya akamjibu kwamba ni harufu ya samaki.

Saa sita akafika Evariste, fundi wa kuunganisha vyuma, ambaye ndiye aliyemtafutia ile chupa kutoka Uganda. Alimkuta yaya ameinama juu ya jiko na kiberiti mkononi.

“Mama Adeline, weka kiberiti chini,” alisema polepole. “Débora, toa watoto. Muende nao mpaka kwa mulango ya parsele.”

Débora akawakokota mpaka langoni. Evariste akaondoa ubao, akaingiza mkono shimoni, akafunga chupa.

“Hii chupa ilikufa lini mpaka munaizika?”

“Niliificha. Wezi watanibia.”

Alipoitoa, akaomba maji ya sabuni, akaupaka mpira pale unapoungana na chupa, akafungua kidogo tu. Povu likaanza kuvimba. Akafunga tena.

“Inavuja tangu asubuhi. Gazi iko nzito, yaya. Haipande kama moshi. Inashuka, inalala mu shimo kama maji. Ungewasha, hii bashi na vyote vilivyo ndani…”

Yaya alitazama bashi. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa juu yake.

Evariste alikaza mpira kwa waya, akaupaka sabuni tena mpaka povu likatulia. Kisha akazunguka uani akihesabu hatua. Akasimama mbele, katikati kabisa, penye udongo mgumu na sawa, mbali na ukuta, mbali na bashi, pasipo kitu juu.

“Hapa. Na chupa isimame kando, ku hewa.”

“Hapo kila mutu ataiona.”

“Aione, anunue samaki.”

“Wataiona, Evariste.”

“Banani?”

Yaya alitazama njia. Mimi nilijua ni akina nani, wale wenye bunduki waliotupora wakati wa vita, na Evariste pia alijua, kwa sababu aliacha mzaha, akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa na kungoja. Mwishowe yaya alishika upande mmoja wa jiko, akaniambia nishike mwingine.

Jioni hiyo alichoma samaki mbele ya watu wote, akigeuka kila mara kutazama njia. Kesho yake, baada ya misa, alipiga magoti kando ya shimo, akamshukuru Mungu kwa ajili ya shimo hilo. Kisha akalifukia mwenyewe, wala hakuniruhusu nimsaidie.

Miaka yote iliyofuata jiko halikuondoka pale.

Siku ya kilio chake wanaume wa mtaa walikuja kufunga bashi ya kuwakinga waombolezaji. Walipima, wakakuta inafunika jiko, wakataka kulisogeza ukutani. Débora akatoka na beseni la samaki.

“Jiko inabaki. Ni hapo nitachomea watu samaki. Musogeze bashi.”

Wakaisogeza. Nusu ya waliokuja kumlilia yaya walikaa juani, na hakuna aliyelalamika.