Deki ya Kusafisha Picha

Siku ile sebuleni kwa mwalimu tulikuwa watu watano. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, anayeendesha bodaboda kati ya Nyamigogo na Biharamulo mjini. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana, aliyekuwa amebakiza wiki mbili aende chuo cha uuguzi. Alikuwepo shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuja kutoka Kasulo na diski yake ameifunga kwenye kanga kama mtu aliyebeba mayai. Na alikuwepo mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyenifundisha mpaka darasa la sita, mwaka nilioacha shule baada ya baba kumfuata mama kaburini. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alisimulia kivyake, na wapo waliosema sura ilionekana. Haikuonekana.

Mama hakuacha picha. Mbili tulizokuwa nazo ziliwekwa kwenye sanduku la mbao, na mchwa waliingia wakala sanduku, nguo na picha bila kubagua. Kilichobaki ni diski ya harusi ya binti wa shangazi. Mama alikwenda Kasulo kwenye harusi ile, na mpiga picha za video alimpata kwenye foleni ya kutoa zawadi. Anaonekana akija na kapu la maharage kichwani, mtoto mgongoni, anacheza kidogo, anageuka kuitazama kamera, basi. Ukihesabu pumzi, ni tatu au nne. Mtoto yule mgongoni ndiye kitinda mimba wetu. Mwaka uliofuata mama alifariki, na mtoto hakuwahi kumjua.

Diski ile tuliwahi kuiangalia mara nyingi kwenye televisheni za watu. Ukimjua mama, ulimtambua kwa mwendo na kwa kitenge. Usipomjua, uliona mwanamke yeyote mwenye kapu. Kwa hiyo kitinda mimba alipopata nafasi chuoni, nikamuuliza anataka nimfungashie nini, akasema, "Dada, sitaki godoro. Nataka picha ya mama niiweke ndani ya daftari."

Sikuwahi kuombwa kitu nikakwepa. Nilikwenda Biharamulo mjini.

Kuna muuza deki, mashine za kuchezea diski, mwenye duka upande wa kushoto ukielekea sokoni. Alikuwa ameweka televisheni pana mlangoni, na mbele yake watu wamesimama midomo wazi. Nilimweleza shida yangu. Akacheka kwa upole kama daktari aliyekwisha kuuona ugonjwa huo mara nyingi.

"Mama, shida yako si diski. Shida yako ni deki za zamani. Hii hapa inachukua DVD ya kawaida, inaipandisha, inaisafisha, inakutolea HD. Wale walionunua mashine za diski za HD wametupa hela zao. Picha ni ileile."

"Ileile kabisa?"

"Utamwona mama yako mpaka kope."

Alisema hivyo. Mpaka kope.

Nikampa diski, maana shangazi alikuwa ameniazima niijaribu, kisha nimrudishie. Aliitazama, akaona alama za vidole. Akaitemea mate. Si kupuliza, ni kutema, tone zima, halafu akaisugua kwenye paja la suruali yake, hapo alipokuwa amefutia mafuta ya sambusa. Ningeinyang'anya na kuondoka wakati ule, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilikuwa nimekwisha kusikia neno kope, nikabaki.

Hakuicheza diski yetu. Alisema ina mikwaruzo na itamchelewesha, nikaitazame nyumbani kwa nafasi. Akacheza yake, ya kwaya. Kwanza kwa waya wa zamani wenye vichwa vitatu, mwekundu, mweupe na wa njano: wanakwaya walikuwa wamefifia, nyuso za majivu, kingo zinacheza. Kisha akachomeka waya mpya wa HDMI, akabonyeza rimoti, na kwaya ileile ikang'aa, nguo za bluu zikawa bluu, meno yakaonekana. Watu waligumia kwa mshangao. Mimi pia niligumia, na aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Bei aliyotaja sikuwa nayo. Tulikubaliana nimpalilie shamba lake la mihogo huko Nemba, ekari tatu, kwa jembe langu mwenyewe. Deki nichukue siku hiyohiyo.

"Nakuamini, dada'angu," akasema. "Uso wako ni wa mtu wa neno."

Televisheni nzuri kijijini kwetu ipo kwa mwalimu. Mtoto wake aliye Mwanza alimletea ile pana, na chini yake mashine ya kuchezea diski za HD, pamoja na diski moja tu ya wanyama wa mbugani. Mwalimu ana diski hiyo moja ya HD na anaitazama kila Jumapili baada ya ibada, kama vile simba atabadili mawazo. Televisheni ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, na ukiishika bila ruhusa anakufokea kana kwamba bado uko darasa la pili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vueni viatu. Wewe wa bodaboda, na soksi."

"Mwalimu, nikivua soksi utatamani nizirudishe."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo tulivyoanza, kwa furaha.

Mwalimu aliichunguza deki yetu pande zote, akaiunganisha kwa ule waya wa HDMI. Alitaka tuanze na diski safi ili tujue uwezo wa chombo. Akatoa DVD halisi ya kwaya, iliyorekodiwa vizuri na kuuzwa na kasha lake. Nikiri ukweli: ilipendeza. Kutoka kwenye kiti cha karibu na mlango, nisingeweza kuitofautisha na diski ya wanyama. Mdogo wangu wa kiume alipiga makofi.

"Sasa sogeeni," mwalimu akasema.

Akaweka diski ya HD kwenye mashine yake. Tukasimama hatua mbili kutoka kwenye kioo. Majani ya mbugani yalionekana jani moja moja, na mbu juu ya sikio la nyati. Akarudisha kwaya kwenye deki yetu. Miti iliyokuwa nyuma ya wanakwaya ilikuwa uji wa kijani. Kutoka mbali ilikuwa miti, kwa karibu ilikuwa uji.

"Diski ya HD imeandikwa vidoti vingi tangu mwanzo," mwalimu akasema. "DVD imeandikwa vichache. Hiki chombo chenu kinavitanua vilivyopo, halafu katikati ya kidoti na kidoti kinabahatisha rangi. Kikibahatisha vizuri, jicho linakubali. Lakini hakijui. Kinabahatisha."

"Kwa hiyo dada anakwenda kupalilia ekari tatu kwa ajili ya mbahatishaji," mdogo wangu akasema.

"Hata mimi nabahatisha," shangazi akasema. "Mbona hakuna anayekuja kunipalilia?"

Tulicheka tena. Ndipo shangazi akafungua kanga.

Harusi nzima, kanisani, njiani, ukumbini, mpaka kukata keki, mpiga picha aliibana kwenye diski moja ili asinunue mbili. Mwalimu alilijua hilo alipoona tu muda wake, akatikisa kichwa, akasema kubanwa hivyo kumeipunguza picha. Hatukumsikiliza. Tulisogeza mbele mpaka foleni ya zawadi. Nilikuwa nimemshika mkono kitinda mimba, na kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Mama alikuja na kapu lake.

Nilikuwa nimesahau maua. Wapiga video wa wakati ule walikuwa na tabia ya kuporomosha maua mekundu juu ya picha wakati wa zawadi, kwa kompyuta, kuonyesha ufundi. Kwenye televisheni za zamani yalikuwa madoa tu. Sasa deki iliyasafisha. Kila ua lilikuwa na kingo zake, jekundu la kung'aa kama midomo iliyopakwa rangi, likishuka polepole mbele ya mama yangu. Na nyuma ya maua, pale ambapo kope zilitakiwa ziwe, palikuwa na kitu laini, kimepigwa pasi, kahawia moja kutoka paji la uso mpaka kidevu, kama kipande cha sabuni kilichoachwa kwenye maji. Mwalimu alisimamisha picha pale alipogeuka kuitazama kamera.

Kitinda mimba aliniachia mkono, akaenda mpaka kwenye kioo. Mwalimu hakumfokea.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," shangazi akasema.

"Hana macho."

Ua moja lilikuwa limesimama juu ya bega la mama, limekamilika, unaweza kulichuma. Nilichukia ua lile kama nisivyowahi kumchukia mtu. Mtu alikaa kwenye kiti, akala wali wa harusi, akaona mwanamke anacheza na mtoto mgongoni, akasema hapa hapatoshi, tuongeze maua.

"Shangazi," mwalimu akauliza, "mkanda wenyewe wa kamera ya mpiga picha upo? Kabla hajaubana kwenye diski?"

"Nilimuuliza zamani. Alisema alirekodi harusi nyingine juu yake. Ya watu wa Ngara mjini."

"Na huyo mtoto mgongoni je?" mdogo wangu wa kiume akauliza, akitaka kututoa pale. "Angalia kichwa hicho. Kama kiazi."

Msichana hakucheka. Alikuwa amepiga picha ya kioo kwa simu, akaitazama, akaifuta.

Mwalimu, ambaye hawezi kuacha jambo bila kulihakiki, alichomoa waya wa HDMI, akachomeka ule wa vichwa vitatu. Nilitegemea nyuso za majivu kama nilizoziona dukani. Hazikuja. Picha ilikuwa karibu ileile, imelegea kidogo tu. Akatazama deki, akanitazama mimi.

"Dukani ilikuwaje kwa waya huu?"

Nikamweleza. Akauliza kama yule bwana alikuwa na rimoti ya televisheni mkononi. Nikasema alikuwa nayo.

"Alipunguza rangi na ukali kwenye njia ile ya waya wa zamani. Akaharibu kwanza, ili atengeneze mbele yenu."

Nilitoka nje nikatema mate kwenye migomba ya mwalimu. Kinywa kilikuwa na ladha ya plastiki mpya. Nilikumbuka ule mguno wangu kati ya wale watu mlangoni, na lile tone la mate juu ya diski, na suruali yenye mafuta. Nikatema tena.

Kesho yake niliirudisha deki, mdogo wangu akanipeleka kwa pikipiki. Muuzaji alikuwa anakula, hakuacha kula.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Uliniambia nitamwona mama mpaka kope."

"Mama, mimi nauza deki. Siuzi sura za watu. Kilichomo kwenye diski yako nitakijuaje?"

"Ulikijua ulipokataa kuicheza."

Alimeza. Akafuta vidole kwenye paja lile lile.

"Chombo kikishatoka dukani hakirudi. Na palizi tulipatana mbele ya watu."

Mdogo wangu alitaka kumrukia, nikamshika koti. Njiani aliniambia niache, nisiende Nemba, mwizi hatimiziwi neno. Huenda ni kweli. Lakini nimewalea hawa wawili kwa neno langu tu, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Nilipokopa unga nikasema Jumamosi, ilikuwa Jumamosi. Sitaanza leo kuwa mtu mwingine kwa ajili ya mtu anayetemea diski mate.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda chuo, kitinda mimba alituketisha mimi na kaka yake, akafungua daftari, akasema basi tumweleze yeye aandike. Pua ya mama ilikuwaje? Kaka yake akasema nyembamba. Mimi nikafungua mdomo niseme, na nikaona sina. Nilikuwa nayo pua ya mama miaka yote hii, naijua kama ninavyoijua njia ya kisimani. Nikaitafuta, kikaja kile kipande cha sabuni na ua begani. Nikafumba macho, kikaja tena. Nikasema, "Andika nyembamba," nikatoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mate ya yule bwana. Tulikuwa hatuna picha, lakini mimi nilikuwa na mama. Nikaenda kumpata waziwazi zaidi, nikarudi na huyu.

Aliondoka na daftari lenye mistari minne. Aliniaga vizuri, hakulaumu. Deki iko kwa mwalimu, anaitumia kwa kwaya, na anasema kwa diski safi haina ubaya.

Nemba naenda Jumatatu mpaka Alhamisi, nalala kwa mjane mmoja wa huko anayenipa mkeka. Mihogo ya yule bwana imekaa vibaya, magugu ya sangari yameingia mpaka kwenye mashina. Muuzaji alikuja mara moja, akasimama kwenye tuta na viatu vyake, akasema nimeacha mizizi, nirudie mstari. Niliurudia. Ekari ya kwanza nimeimaliza. Zimebaki mbili.