Mkunga wa Ami

Ami, ndugu yake baba, ndiye aliyetuchukua mimi na mdogo wangu baada ya wazee wetu kufariki. Mashamba yake ya karafuu yalikuwa yamekwisha kumtoka, na kilichobaki kumpa jina mjini ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, aliyemfuga katika birika la mawe, uwani. Kila asubuhi wachukuzi walimletea maji ya bahari. Wageni wakija, ami hutupa kipande cha nyama, mkunga akachomoka chini ya jiwe na kukinyakua, nao wakaruka nyuma. Ami hucheka mpaka machozi yakamtoka.

Waliomtangulia walikufa upesi. Huyu alikuwa ameona Ramadhani mbili humo ndani, na ami akijigamba kwa umri wake kama mtu ajigambavyo kwa mwanawe.

Mtumishi alipokataa kumlisha, kazi ikamwangukia mdogo wangu. Yeye alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na kazi ya mkono wake ilivaliwa na mabwana wakubwa siku ya Idi. Siku moja mkunga hakuingoja nyama. Nilisikia ukelele, nikashuka ngazi mbio, nikamkuta ameketi sakafuni, mkono kaufunga kwa kanga, damu inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekwenda chote.

Ami alifika, akachungulia kwanza birikani.

"Hakudhurika?" aliuliza. Nilidhani anamuulizia mdogo wangu. Kisha akamgeukia. "Usilie, mwanangu. Mungu kakuachia tisa."

Kidonda kilipona, lakini sindano haikukamatika tena. Wenye kofia wakaja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja. Ami akaamrisha birika litiwe kifuniko cha mbao, akaona yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Mvuvi wa Kitumbatu aliyemuuzia ami mkunga yule ndiye aliyetuletea kitoweo. Siku moja nikamkuta kwenye mlango wa nyuma.

"Shikamoo, baba. Mkunga huishi sana?"

"Marahaba. Pangoni mwake huzeeka, mwanangu. Kuna mmoja kwetu nlimkuta nikiwa mdogo, na hadi leo yupo."

"Na huyu wetu?"

"Akipata maji ya bahari kila siku, atakaa miaka. Bwana wako na ajihadhari na mvua tu. Maji matamu yakimjaa, hamalizi asubuhi."

Nikamshukuru, nikaingoja masika.

Ilinyesha Ijumaa moja tangu alfajiri. Ami alikuwa ametoka, na alikwishaniambia nipike vizuri maana atarudi na wageni baada ya sala. Nikafunua kifuniko, nikauelekeza mlizamu wa maji ya paa birikani. Maji yalijaa, yakamwagika uwani, nami nikasimama pale nimelowa chapachapa. Mkunga alizunguka, akapanda juu, akafungua kinywa. Niliyatazama meno yale mpaka yakatulia. Sijapata kuona kitu kikanifurahisha kama kile.

Nikamwopoa, nikarudisha kifuniko, nikaingia naye jikoni. Mdogo wangu alisimama mlangoni.

"Dada, ami atatufukuza."

"Na atufukuze. Nipe nazi."

Nikampika mchuzi wa nazi na ukwaju, nikaupakua juu ya wali. Ami alikula, akajiramba vidole mbele ya wageni wake.

"Samaki gani huyu?" aliniuliza. "Mtamu kupita kiasi."

"Ni yule wa birikani, ami."

Tonge likamkwama. Alishuka ngazi miguu mitupu, tukasikia kifuniko kikibwagwa. Mgeni mmoja akauliza taratibu kama mchuzi umebaki. Ami akarudi, uso umemvimba.

"Umeniulia!"

"Naam. Kafa kwa maji ya mvua, na nilimtazama mpaka mwisho."

Jioni ile tulitoka na mabunda yetu, tukaenda Chwaka kwa ndugu yake mama. Mdogo wangu alijifunza kusuka mikeka. Hakupata kunilaumu wala kunishukuru.

Ami aliishi miaka mingi baada ya hapo, kupita nilivyomtakia. Alipolemewa na maradhi alituma mtu kutuita. Mdogo wangu alikwenda, akamuuguza kwa mkono wake uleule. Mimi sikwenda, na habari ya kifo chake ilinikuta nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.