Upande Mweupe wa Ramani

Ofisini kwetu Lanham, huku ughaibuni, tunakusanya tafiti za maji ya chini ya ardhi kutoka nchi nyingi na kuziweka kwenye ramani moja. Asubuhi moja nikatazama mpaka wa nchi yetu kule nyumbani. Upande wa jirani ulijaa buluu, yaani maji. Upande wetu ulikuwa mweupe pe.

"Kule hakuna maji," bosi akasema.

Nikafoka kwamba kinachokosekana ni ripoti, si maji! Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikampigia mama simu, nikamuuliza kama kisima chetu bado kina maji.

"Mwanangu, mbona ndiyo nateka sasa hivi?" Ndoo niliisikia kabisa.

Na bado, sijui nilipatwa na nini, nikamuuliza, "Mama, una uhakika?"