Kocha Msaidizi Aliyesikika Mpaka Ibra

Mume wangu Thuwaini ana sauti mbili, na watu wa Nizwa, hapa Oman, kwa muda mrefu waliijua moja tu. Ya kwanza ilikuwa ya ofisini, manispaa, alikokuwa karani wa vibali. Hiyo ni sauti ndogo, ya Kiarabu kilichopigwa pasi, kwa sababu alipofika kutoka Unguja mwaka 1972 wenziwe walimcheka anavyotamka, naye akaamua kusema kidogo. Ya pili ni ya uwanjani. Hiyo ukiisikia utadhani kuna nyumba inaungua.

Alikuwa kocha msaidizi wa timu ya mpira wa magongo ya klabu yetu. Nasema magongo ya kuchezea uwanjani, maana wifi yangu Asya, aliyeko Maskati, aliwahi kuwaona kwenye televisheni watu wakiucheza mchezo kama huo juu ya barafu, akapiga simu kuniuliza kama kaka yake ana soksi za kutosha. Barafu ya Nizwa ni ya kutia kwenye sharubati. Thuwaini aliujua mchezo skuli, Unguja, na alipokuja Oman alikuja na sanduku moja na gongo moja. Sanduku lilipotea njiani. Gongo alikuwa amelikumbata, basi likafika.

Mimi ni Fawziya, mkewe, mwalimu wa jiografia. Kwetu Ibra, lakini nilizaliwa Tabora, na kwa hilo hajaacha kunichokoza: ati Kiswahili changu cha bara kimejaa vumbi. Namwambia chake kimejaa chumvi.

Msimu ninaotaka kuusimulia ni ule ulioishia mwaka 1998. Kocha mkuu alikuwa Mmisri, Ustadh Mahrous, mtu wa kalamu na makaratasi. Chini yake walikuwa wasaidizi wawili. Thuwaini alishika washambuliaji. Walinzi walikuwa chini ya Khattab, kijana wa Bahla, mwalimu wa michezo, mpole mpaka unamhurumia. Mkewe Samah alikuwa akifundisha nami skuli moja, na asubuhi tukienda kwa gari moja. Khattab hakuwa na asili ya Afrika hata kidogo, na Kiswahili kwake kilikuwa kama Kichina.

Mechi ya kwanza ilichezwa Samail. Kila Thuwaini alipopiga kelele kwa Kiarabu, "Yamin! Yamin!", watu wa Samail walisikia na wao wakakimbilia kulia. Tukatoka sare kwa taabu. Akarudi nyumbani macho yanawaka.

"Mama Jumana, nimepata," akasema kabla hajavua viatu. "Tutasema Kiswahili."

"Na nani?"

"Na timu! Nani atatuelewa?"

Wiki nzima vijana kumi na tano walikaa uani kwangu wakifundishwa maneno ishirini: kulia, kushoto, rudi, mwachie, chini, juu, mfuate. Mimi nilileta sharubati na kusahihisha matamshi. Binti yetu Jumana, ambaye tangu azaliwe tukimsemesha Kiswahili hutujibu kwa Kiarabu, alichungulia dirishani akicheka. Baada ya wiki tukawafunga Bahla mabao matatu, na Samail walipokuja kwetu tukawafunga pia. Thuwaini alikuwa akitembea sokoni kama aliyenunua soko lenyewe.

Nami nilifurahi, tena sana, na sababu yake haikuwa mabao. Miaka ishirini na sita mume wangu alikuwa akiisema lugha yake ndani ya nyumba tu, na mlangoni akipunguza sauti mgeni asije akasikia. Sasa alisimama mbele ya watu, katikati ya Nizwa, akapiga kelele "Kushoto, mwanangu, kushoto!" na hakuna aliyemcheka. Ungesema amepungua miaka kumi.

Kisha zikaja timu za Sharqiyah, mkoa wa mashariki. Ibra wakatufunga tano bila. Sur wakatufunga nne kwa moja. Mzunguko wa pili, Ibra tena, tatu bila, hapa hapa kwetu. Kila tulipokwenda kulia, wao wameshafika. Kila kona fupi ya adhabu, lile pigo linalopangwa karibu na goli, kipa wao alishalala upande mpira unakokuja. Tukamaliza ligi wa pili kutoka mkiani.

Kamati ya klabu ikakaa, ikaamua: msimu ujao msaidizi mmoja tu. Ustadh Mahrous akachapa fomu za tathmini, maswali kumi, kila moja alama kumi. Kila msaidizi ajipime mwenyewe, kisha ampime mwenzake, na Alkhamisi ya wiki ya pili kamati isome na ikate shauri. Lakini watu walikuwa wameshakata. Nani kafungwa mabao yote yale? Walinzi. Nani kocha wa walinzi? Asubuhi moja tuliposhuka garini skuli nikaona macho ya Samah mekundu.

Thuwaini mwenyewe alisema nyumbani, "Khattab kijana mzuri, lakini ulinzi haukuwa sawasawa." Nilimwamini. Mungu anisamehe.

Siku sita kabla ya Alkhamisi hiyo tulikwenda Ibra kwenye harusi ya mtoto wa mjomba wangu. Upande wa wanawake nilikaa na binamu yangu Shukriya, ambaye mwanawe Sinan ndiye kipa wa timu ya Ibra. Tulikuwa tunakula pilau. Shukriya akanikonyeza.

"Dada Fawziya, shemeji hajambo? Redio wetu?"

"Redio gani?"

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Hivyo hujui? Timu nzima inamwita Redio. Anatangaza kila kitu! Sinan anasema anasimama tu golini anasubiri habari. Ami akisema 'chini kulia', mtoto analala chini kulia. Sur nao vivyo hivyo, wana wale vijana waliozaliwa Pemba. Wallahi, walikuwa wanaomba asije akaugua."

Wanawake wote waliotuzunguka wakacheka, na wote walicheka kwa Kiswahili, kwa maana mkeka mzima ule ulikuwa unasema Kiswahili. Hapo ndipo pilau iliponikwama. Ibra! Idi zote mbili tunakula kwa mjomba wangu, nyumba ambayo hata mbuzi wake hufukuzwa kwa Kiswahili. Thuwaini amewaamkia watu wale miaka ishirini, shikamoo na marahaba. Na akili yake, na yangu pia, haikuwahi kuitoa lugha ile sebuleni na kuipeleka uwanjani. Tuliizoea kuificha, tukadhani imefichika.

Nilimwambia njiani tukirudi. Nilianza kwa kucheka, lakini yeye hakucheka. Tulipofika Samail akasimamisha gari kwenye kituo cha petroli, na petroli ilikuwa imejaa.

"Kwa hiyo mabao yale ni yangu," akasema.

"Yako, baba Jumana."

Akaushika usukani kwa mikono miwili, akasema, "Usimwambie mtu."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yake. "Na Khattab?"

"Wataniondoa, Fawziya. Nikisema haya, wataniondoa. Mimi pale ndipo napumua."

Nilijua anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kama angekuwa anasema uongo ningemkaripia tukamaliza. Nikamwambia tu kwamba kila asubuhi mimi nakaa ubavuni kwa Samah, na yeye hakai. Akawasha gari, tukaondoka.

Siku ya Jumatatu alikaa mezani na fomu zake. Thuwaini ana mwandiko mzuri, wa mkono usio na haraka, na siku ile aliandika polepole kuliko kawaida, akafuta, akaandika. Nilipita mara tatu nyuma yake na sinia lisilo na kitu. Kila nilipopita aliifunika karatasi kwa kiwiko, kama watoto wangu wa darasa la nne. Nikamwachia Mungu.

Alkhamisi baada ya Laasiri kamati ilikuja kwetu, kwa kuwa kiyoyozi cha klabu kilikuwa kimekufa na ulikuwa mwezi wa saba. Mwenyekiti ni Shaikh Adham, mzee mwenye nyumba za kupangisha na tumbo la kuthibitisha. Mabwana wakakaa majlis, chumba cha wageni, mimi na Samah tukakaa chumba cha pili, mlango wazi kidogo. Ikaja halua, ikaja kahawa, zikaulizwa habari za mvua, za mitende, za ndugu wa mlimani, Jabal al-Akhdar, na mawaridi yao. Huku kwetu hata mtu akikuletea talaka atakuuliza kwanza habari za ng'ombe. Samah alikuwa amenishika mkono.

Mwishowe Ustadh Mahrous akavaa miwani. Akasoma fomu ya Khattab juu ya Thuwaini: tisa, kumi, kumi, tisa. Chini ameandika, "Ami Thuwaini amenifundisha kupenda kazi hii. Akibaki mmoja, abaki yeye." Sikumwona Thuwaini, lakini nilikisikia kikombe chake kikitua kwenye sinia.

Akasoma ya Thuwaini juu ya Khattab: kumi katika kila swali. Kamati wakaguna.

Kisha ya Thuwaini juu ya Thuwaini. Nidhamu, nane. Kufika kwa wakati, kumi. Mawasiliano na wachezaji, kumi. Na maelezo yake Mahrous akayasoma mara mbili kwa sauti, kwa sababu mara ya kwanza alidhani kakosea: "Maagizo yangu yalisikika na kueleweka vizuri na wachezaji wote ishirini na wawili."

"Ewe Thuwaini," akasema, "wachezaji wetu uwanjani ni kumi na mmoja."

"Najua, Ustadh. Kumi na mmoja wengine walikuwa wa Ibra."

Akawaeleza yote. Aliwaeleza kwa Kiarabu chake kile kidogo, lakini siku ile hakukipiga pasi. Harusi, Redio, kipa aliyekuwa anasubiri habari. Akasema walinzi wa Khattab hawakuwa na kosa, kwani hakuna anayeweza kulinda nyumba ikiwa mwenye nyumba anatangaza ufunguo uko wapi. Kisha akasema, "Mniwie radhi," na nikasikia anavaa viatu mlangoni kwake mwenyewe, mgeni katika nyumba yake.

Nilikuwa nalia na namwonea fahari kwa wakati mmoja, na Samah ananikumbatia.

Ndipo Khattab, yule mpole, akapiga kelele iliyotetemesha vikombe. Akapiga kwa Kiswahili, na sauti ilikuwa ya Thuwaini kabisa, lafudhi ya Unguja, kila herufi mahali pake:

"Rudi! Rudi, mwanangu, rudi!"

Shaikh Adham ndiye aliyeanza kucheka. Kahawa ikamtoka puani, kanzu nyeupe ikaharibika, na hata Mahrous akavua miwani kupangusa macho. Thuwaini alisimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, hajui aingie au atoke.

"Kaa chini, ya akhi, ndugu yangu," Mahrous akasema alipopata pumzi. "Nimesoma fomu miaka ishirini, sijapata kuona mtu kajipa kumi kwa kosa lake. Mimi nataka wasaidizi wote wawili, na naiomba kamati ikubali. Lakini kilichotufungisha ni ulimi. Ukienda Sharqiyah, ulimi upumzike."

Kamati wakakubali, nusu kwa haki na nusu kwa halua.

Msimu uliofuata kelele za Kiswahili ziliendelea Nizwa, Bahla na Samail, na Jumana akaanza kumjibu baba yake neno moja moja, la uwanjani: akiitwa kula husema "mwachie". Ilipofika safari ya Ibra nilikwenda nami. Wanawake tulikaa ndani ya magari nje ya uzio, mimi na Shukriya katika gari lake, thermosi ya chai katikati. Thuwaini alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, amebana midomo. Watazamaji wa Ibra walimkejeli kwa furaha: "Redio imeharibika? Tukuletee betri?" Nilimwona anavyoteseka. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza peke yake, na kila mara akichota tende mfukoni akajaza kinywa, ili lisitoke neno.

Zikabaki dakika mbili, tuko sare bao moja kwa moja, tukapata kona fupi. Vijana wetu wakajipanga. Kipa Sinan akajiinamia golini, kisha, kwa mazoea ya mwaka uliopita, akageuza uso kuelekea benchi letu. Alikuwa akiutazama mdomo wa mume wangu. Mdomo ule ulikuwa unatafuna. Sinan akaendelea kusubiri, na mpira ukapita upande wake wa kushoto ukagonga ubao wa nyuma wa goli: bao! Shukriya akamwaga chai yote mapajani kwake, na mimi nilipiga kigelegele nikiwa katika gari la wenyeji, sina haya.

Baada ya mechi Sinan alivuka uwanja, kofia ya kipa mkononi, akainama akaushika mkono wa Thuwaini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo mbona hukusema kitu?"

Thuwaini akatema kokwa, akaiangalia kiganjani, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona nje ya nyumba yetu.

"Nilikuwa nakula tende," akamjibu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.