Gudulia Lililoanguka Dirishani

Kikapu cha Insaf hushuka kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu hadi kwa muuza maharage barabarani, na kwa miaka thelathini na tano hakijawahi kusimama kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Hapo anakaa Dawlat. Hawasalimiani. Wakikutana ngazini, mmoja hugeukia ukuta kama anayesoma tangazo.

Chanzo ni gudulia. Asubuhi ile Metwali, mume wa Insaf, alipoondoka kwenda Iraki kutafuta kazi ya kupiga lipu, Dawlat alichungulia dirishani ampungie mkono, kiwiko chake kikaligonga gudulia la maji lililowekwa pale lipoe. Likapasukia barabarani, nyuma ya visigino vya Metwali. Hapa Iskandaria, gudulia huvunjwa nyuma ya mtu ambaye hutaki arudi tena. Metwali alivitazama vigae, akacheka, akauliza, "Dawlat, nimekukosea nini?" Kisha akaenda. Zilikuja barua nne. Baada ya hapo ikaja vita, na barua zikakoma.

Tangu siku hiyo Insaf si mke wala si mjane. Mimi ni mpangaji wake, nakaa chumba cha juu ya paa, na mara nyingi nimemsikia akiilalamikia picha ya harusi juu ya bei ya vitunguu. Kila Alhamisi watu wa mtaa wetu wa Karmuz wanapokwenda makaburini kugawa mikate ya rehema kwa ajili ya wafu wao, yeye hufunga madirisha. Anayepokea mkate huo lazima aseme "Mungu amrehemu", na Insaf hakutaka kulisikia neno hilo pamoja na jina la Metwali.

Lakini mwaka huu alianza kumwota.

"Amesimama mlangoni, amekonda," aliniambia. "Ananiuliza, Insaf, leo hujapika?"

Akaoka mikate kumi na miwili. Kaburi la kuipeleka hakuwa nalo, basi akaamua kwenda kwenye makaburi ya kale yaliyochimbwa chini ya ardhi, yasiyo na mwenyewe tena. "Wale nao, nani anawakumbuka?"

Mahali penyewe panaitwa Kilima cha Vigae, hata dakika tano hazifiki kutoka mlangoni kwake. Mabasi ya watalii humpigia honi kila siku, naye hajawahi kuingia. Alivaa viatu vyake vya kuendea harusi, akaificha mikate mkobani chini ya shali, tukapanga foleni nyuma ya Wajerumani.

"Hajati, umepotea?" mlinzi wa langoni, Zaghlul, akamuuliza. "Soko liko kule."

"Mimi ni mtalii."

"Mtalii kutoka wapi?"

"Kutoka ng'ambo ya barabara. Nikatie tiketi, acha maswali."

Zaghlul alicheka mpaka kofia ikamlalia usoni. Akatufuata chini, nadhani kwa kuwa alishaisikia harufu ya mikate. Ngazi zinalizunguka shimo refu kama kisima. Insaf alishuka ameushika ukuta, anahema, kila baada ya hatua chache anasimama kuchungulia.

"Maiti waliwashusha humu kwa kamba," Zaghlul alisema.

"Kama kikapu changu," Insaf akajibu.

Huko chini tulifika kwenye chumba chenye vitanda vitatu vya mawe vilivyoizunguka nafasi ya meza. Insaf akakaa kwenye kimojawapo avipumzishe viatu.

"Hapo ulipokaa ndipo ndugu wa marehemu walipokuwa wakija kula karamu zao, wamejilaza kama mabwana," Zaghlul alisema. "Wakishiba, wanavunja sahani na magudulia huko juu. Ndiyo vigae vyenyewe vya kilima."

Insaf aliinua uso. "Waliyavunja ili marehemu asirudi?"

"Asirudi? Hajati, wenyewe walikuwa wanamfuata huku na mchuzi! Mtu humtaki, halafu umbebee chakula ngazi zote hizi, na magoti yako haya?"

"Sasa walivunjia nini?"

"Sahani uliyolia chakula na maiti wako, utaiosha pamoja na za nyumbani? Roho itakubali?"

Insaf alikaa akilipapasa lile jiwe kwa kiganja, kama mtu anayekunjua shuka. Kisha akafungua mkoba, akampa Zaghlul mkate.

"Humu hakuliwi, mama."

"Basi kula upesi."

Zaghlul akaupokea na mdomo ukafunguka kwa mazoea: "Mungu amre..."

Insaf alimziba mdomo kwa mkono. "Kula tu. Usimalize."

Mlinzi akatafuna kimya, macho yamemtoka. Mikate mingine ikawaendea Wajerumani, ambao walidhani wanauziwa wakaanza kupekua pochi, na Insaf akawafokea kwa Kiarabu mpaka wakala. Ukabaki mmoja.

Nilidhani atauweka mbele ya picha. Tulipofika nyumbani aliutia kikapuni, akashusha kamba. Kikapu kikasimama ghorofa ya pili.

"Insaf!" Sauti ya Dawlat ilikuwa imezeeka. "Kikapu chako kimekwama!"

"Hakijakwama."

Muuza maharage akaacha kukoroga, akatazama juu.

"Ni mkate wa nani huu?"

"Wa Metwali."

Nililisubiri lile neno. Insaf naye alilisubiri, kamba ameizungusha mkononi mpaka vidole vikawa vyeupe. Chini palisikika mtu akivuta kamasi.

"Mungu amrudishe," Dawlat alisema. "Mungu amrudishe, dada. Mimi nilikuwa nampungia tu."

"Najua," Insaf alisema. "Kula, ni wa leo."

Kikapu kilikuwa tayari kimekuwa chepesi, lakini hakukivuta. Alibaki ameishika kamba, akiitazama ile kona ya barabara ambako mgongo wa Metwali ulipotelea.