Baraniko Mgema na Ndege ya Kuombwa

Baraniko alikuwa mgema hodari na mvivu wa kila kazi nyingine. Aliyesema hivyo ni mama yake mzazi, Nei Routu (Nei kwetu ni kama Bibi), na hakuna aliyembishia. Asubuhi na jioni utamkuta juu ya minazi yake hapa kisiwani Abemama, kisu kiunoni, na kati ya hapo analala. Wamarekani walipokuja na matingatinga wakaangusha minazi ya nusu kijiji ili wapate uwanja wa ndege, yake ilipona kwa kuwa ilikuwa pembeni kabisa, mwisho wa njia ya kurukia. Basi kila alfajiri ndege za mabomu zilimpita utosini zikielekea kaskazini, visiwa vya Marshall, kuwapiga Wajapani, na alasiri zilirudi, nyingine zimetobolewa mabawa, nyingine hazikurudi. Binadamu huzoea kila kitu. Yeye alizoea kuukumbatia mnazi na kutukana.

Chini ya mnazi huo ndipo alipojuana na rubani Merrill, kijana mrefu, pua imebabuka jua, aliyekuja kunywa tembo tamu kabla halijachacha. Kijijini akawa Meriri, maana ndimi zetu na jina lake havikupatana. Baraniko alikuwa na Kiingereza cha misheni, kilichojaa mitume na manabii, lakini walielewana.

Sasa, kwetu kuna bubuti. Ndugu yako akikwambia, "Bubuti, hiyo kofia," unaivua unampa. Unaruhusiwa kuuma meno, lakini unampa, maana aibu ya kunyima utakufa nayo. Na yeye anajua iko siku utamjia na lako. Mpuuzi gani alimfundisha Meriri neno hilo sijui, ila alilipenda kama mtoto aliyepewa filimbi. Akaanza na kofia ya Baraniko. Ukafuata mkeka wa mkadi. Akafuata jogoo wa Nei Routu.

"Rafiki yako huyu ana tumbo la papa," mama akamwambia.

"Ameomba, mama. Ningesema nini?"

"Ungesema jogoo kafa."

"Alikuwa anawika, mama."

Wakati huo mke wa Baraniko, Nei Teburea, alikuwa amekwenda kisiwa jirani cha Kuria na baba yake, mzee Biribo, kumtazama dada yake aliyejifungua. Asubuhi moja ikaja ngalawa kutoka Kuria imeleta magimbi. Wenye chombo wakauliza, wala hawana habari, kama Nei Teburea na mzee walifika salama, maana walikwishaondoka juzi. Hawakufika. Mkondo ulikuwa umewachukua, na mkondo wa huko huvuta magharibi, na magharibi ya Kuria ni maji matupu mpaka mtu achoke kufikiri.

Jioni ile Baraniko hakupanda mnazi. Alikaa ameshika kitana cha mkewe, hajui akiweke wapi. Nei Routu, kwa mara ya kwanza tangu amzae, hakumdhihaki. "Nenda kwa yule mla jogoo," akasema. "Zamu yako kuomba."

Akamkuta Meriri nje ya hema lake anafua soksi.

"Meriri, ndugu yangu. Bubuti. Naomba ndege yako."

Meriri akacheka, akidhani utani. Kisha akamwona uso. Baraniko akamweleza yote, na Meriri akaweka soksi chini.

"Ndege si yangu, Baraniko."

"Unakaa mbele."

"Nakaa mbele, ndiyo."

"Umeandika jina la mama yako ubavuni."

"Nimeandika. Lakini ni ya serikali. Nikiambiwa kaskazini, ni kaskazini. Mkeo yuko magharibi."

Baraniko hakuwahi kusikia jambo la namna hiyo. Mtu ana chombo, anakiongoza mwenyewe, kila siku anaponea chupuchupu ndani yake, halafu eti si chake? Akaona anafanywa mjinga. "Mimi sikusema jogoo ni wa serikali," akasema, akageuka. Njia nzima alilia bila kujificha.

Kesho yake ndege ziliruka kaskazini kama kawaida. Alasiri watu wakakaa kungoja mngurumo upande wa kaskazini, ukatokea magharibi. Ikaja moja, chini kabisa, karibu na maji. Mbali kidogo na hiyo ikaja nyingine, na nyingine tena, zimeachana kama wavuvi wanaotandaza wavu. Baadaye mpishi wa kambi ndiye aliyetuambia. Meriri alisimama wakati wa chakula mbele ya marubani wote, akasema, "Bubuti." Wakamzomea. Akawaeleza maana yake, na deni la jogoo, na mwanamke aliyepotea. Mkuu wa kikosi akatafuna, akameza, akasema, "Kazi ikiisha na mafuta yamebaki, rudini kwa njia mnayoipenda. Mimi sijasikia kitu." Watu hao walikuwa wametoka kupigwa mizinga, na kitanda cha kulala kinawasubiri, lakini walizunguka.

Siku ile hawakuona kitu. Ya pili pia. Baraniko alishinda juu ya mnazi, hagemi, anatazama magharibi tu, na tembo likamwagika mchangani. Siku ya tatu ndege moja ikapita juu ya mapaa yetu inatikisa mabawa, ishara kwamba wameonekana, na Nei Routu akakimbilia ufukweni.

Boti ya wanamaji iliwaleta. Mzee Biribo alibebwa. Nei Teburea alishuka mwenyewe, midomo imepasuka kwa chumvi, na mumewe akamwendea majini na nguo zake zote.

"Ndege ilipogeuka kuja kwetu, baba alinisukuma baharini," akatusimulia. "Tunajua ndege zikiona chombo kidogo hukimiminia risasi. Ikazunguka, ikaangusha kitu. Nikasema, basi, bomu hilo. Yalikuwa maji ya kunywa."

Baraniko akaenda kambini, akamshika Meriri mikono yote miwili. "Asante" aliiona ndogo, lakini aliisema, akairudia. "Sasa omba," akamwambia. "Chochote." Nei Routu alikwishamkamata kuku wake wa mwisho na kumfunga miguu.

"Usingizi," akasema Meriri. "Hapa injini zinanguruma usiku kucha, na kitanda cha pili mwenyewe hakurudi. Nipe nyumba yako nilale."

Akapelekwa, akalala kwenye mkeka, jua bado liko juu. Watoto wakafukuzwa mpaka ng'ambo ya kijiji, mbwa wakafungwa. Wagema wetu huimba wakiwa juu, ndivyo ilivyo tangu enzi, lakini jioni ile walipanda wote kimya. Nei Teburea alikaa kando ya mgeni akimfukuzia nzi kwa upepeo wa mkadi, na kila aliyetaka kumpokea upepeo huo alikatazwa kwa jicho.

Alfajiri Meriri akaamka, akala samaki na gimbi, akavaa viatu. Akawa anatafuta maneno ya kushukuru, Nei Teburea akamkatiza.

"Bubuti."

"Omba," akasema Meriri.

"Urudi leo."

Meriri akaacha kufunga kamba za viatu. "Nei Teburea, hilo si langu kulitoa."

"Na ndege ulisema si yako."

Meriri akacheka, kisha kicheko kikamtoka usoni. Akamtazama yule mama na midomo yake iliyopasuka, hai, mbele yake. "Haya," akasema.

Jioni alirudi.